Mwenyeji wa Tadala

Tadala alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha mbele, mgongo ameuegemeza ukutani, kitenge amekifunga kiunoni juu ya suruali ya jinzi. Viti vitatu vya wageni vilikuwa wazi kando yake. Ilikuwa saa nne asubuhi, Jumatatu, na ukumbi mdogo wa ofisi ya mlezi wa wanafunzi ulijaa watu waliokuja na shida za kawaida: kitambulisho kilichopotea, hosteli inayovuja, mwenzi wa chumba asiyeoga. Walikuwa wakimruka. Kila mmoja akifika pale miguu ya Tadala ilipoishia alisita, kisha akainua mguu juu kama mtu anayevuka mtaro.

Mimi niliitwa kwa simu. "Wewe ndiye Wanjiku, mwenyeji wa huyu msichana wa Malawi?" sauti iliuliza. "Njoo haraka. Amekataa kuinuka."

Nilikimbia kutoka maktaba, na njia nzima nilikuwa na hasira. Haikuwa hofu, ilikuwa hasira. Naomba niseme hivyo mapema, kwa sababu miaka mitatu imepita na mara nyingi nimejaribu kuikumbuka asubuhi ile nikiwa na moyo mwema kuliko ule niliokuwa nao.

Selpha, karani wa ofisi, alikuwa amesimama mbele ya Tadala, mikono kiunoni. Ni mwanamke mnene, mpole, ambaye huwaita wanafunzi wote "dada" na "ndugu" hata akiwafukuza. "Dada, si ukae tu kwa kiti," alikuwa akisema. "Watu watafikiri sisi ndio tumekuangusha hapo." Askari wa lango alikuwa ameshaitwa. Alisimama na kofia mkononi, hajui amshike wapi.

"Tadala," nikasema. "Inuka. Aki watu wanakuona."

Aliinua macho. Uso ulikuwa umebaki mifupa, na mifupa ile ilikuwa mipya kwangu. Sikuwa nimemtafuta hata kwa simu kwa siku ishirini na tano. Nilizihesabu baadaye, kwa kutumia kalenda ya simu.

"Siwezi kukaa kwa kiti," akasema polepole, kwa Kiswahili chake kilichochungwa kama maji yaliyojaa kikombe. "Amayi amekufa."

Amayi ni mama kwa lugha yao. Na kufa ni kufa, kwao na kwetu.

*

Nilimpokea mwezi wa tisa wa mwaka uliotangulia. Chuo chetu, kilichoko kati ya Thika na Ruiru, kilikuwa kimeanza kupata wanafunzi kutoka nje: Sudan Kusini, Burundi, Kongo, na wachache wa Malawi waliokuja kwa ufadhili. Kisha wakaanza kupotea. Mtu anaanza muhula, anaonekana darasani wiki sita, halafu haonekani tena, na hakuna anayejua kama amerudi kwao au amejifungia chumbani. Ndipo ofisi ikabuni mpango wa uenyeji. Kila mgeni alipewa mwanafunzi mmoja wa hapa, awe jicho lake na mdomo wake. Tulifundishwa nusu siku, tukapewa soda na mandazi, tukaahidiwa cheti.

Aliyetufundisha ni Bwana Khisa, mshauri nasaha. Alikuwa mshauri nasaha wa pekee wa chuo kizima. "Kazi si kubwa," alituambia huku akifuta miwani kwa ncha ya tai. "Mwulize hali yake, kisha ungoje ajibu. Wengi tunauliza tukiwa tayari tunaondoka." Mwisho wa kila mwezi tungejaza fomu ya ukurasa mmoja. Analala? Anakula? Ana marafiki? Chini kulikuwa na nafasi ya maelezo, mistari minne.

Mwezi ule wa kwanza nilikuwa mwenyeji mwema. Hilo pia ni kweli na nalisema. Nilimkuta mjini Thika, amesimama kando ya mizigo yake, anasalimia wapita njia. Si kwa kutikisa kichwa. Alikuwa akisimama wima mbele ya mtu asiyemjua kabisa na kumwuliza ameamkaje, na watu walikuwa wakishika mifuko yao na kuongeza mwendo. Nilimpeleka kwenye hoteli tukanywa chai. Mhudumu alipomletea kikombe, Tadala alikipokea kwa mikono miwili, akakunja magoti kidogo, macho chini.

"Usifanye hivyo," nikamwambia tulipobaki wawili. "Huku hatumpigii mtu magoti. Watakuona mshamba, wakupande kichwani."

"Kwetu ni heshima."

"Najua. Lakini huku sema tu, niaje. Sema, poa. Chukua kikombe chako, unywe."

Alijifunza haraka. Baada ya wiki mbili hakuwa akikunja magoti tena, na nilijisifu kwa hilo kama fundi aliyenyoosha bati.

Tulikuwa na mchezo wetu wa maneno. Tukitembea kutoka darasani mimi nasema neno, naye anajibu kwa Kichewa, lugha ya kwao. Nyumba? Nyumba. Mvua? Mvula. Maji? Madzi. Nyama? Nyama! Tulicheka hadi watu wakageuka. Alitoka Dedza, mahali pa milima na baridi, na mama yake, Amayi, alikuwa akiuza viazi kando ya barabara kuu. Kila akitaja jina la mji ule alipandisha mabega kama mtu anayevuta blanketi.

Lakini maneno yanayofanana yaliisha. Yaliyobaki hayakuwa ya Kiswahili. Wenzake wa darasa waliongea Sheng, na wakichoka na Sheng waliingia Kikuyu, na kundi la WhatsApp la kazi za darasani lilikuwa mchanganyiko ambao hata mimi ilinibidi niusome mara mbili. Nilimkuta siku moja katikati ya kundi lake, chini ya mti nje ya maabara. Mtu alisema jambo, wote wakaangua kicheko. Tadala naye akacheka, sekunde moja nyuma yao. Niliiona ile sekunde. Nikamwambia, "Utazoea," nikapita.

Mwezi wa kumi na moja aliomba kutoka hosteli, kwa sababu wenzake wa chumba waliongea kwa lugha yao usiku kucha, na kwa sababu alitamani kupika nsima yake mwenyewe, laini zaidi ya ugali wetu. Mimi ndiye niliyemtafutia chumba Kiganjo, nyuma ya kioski kimoja, mlango wa bluu, bomba la maji uani. Nilimsaidia kubeba godoro. Nilirudi kumtembelea mara mbili, na mara ya pili sikuketi.

Nilikuwa nimepata kazi ya kuwafundisha watoto wa familia moja Membley baada ya masomo yangu. Hicho ndicho kisingizio changu na hakina kasoro, kwani nilihitaji ile kazi. Nilikuwa nikifika nyumbani kwetu Mugutha nimechoka, nafungua simu, naiona ile fomu ya ofisi. Analala? Ndiyo. Anakula? Ndiyo. Ana marafiki? Ndiyo. Kwenye mistari minne niliandika, "Hana tatizo." Ilinichukua muda mfupi kuliko kupiga mswaki. Niliijaza hivyo mwezi wa kumi na mbili, wa kwanza, wa pili.

*

Amayi alikufa Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, mvua zilipokuwa ndio zinaanza. Presha, walisema. Alianguka asubuhi, na jua lilipotua hakuwapo. Kwao mtu hakawii juu ya ardhi. Jumanne watu walilala nje ya nyumba ile, wanaume wakiwasha moto, wanawake ndani wameketi sakafuni kumzunguka, na Jumatano akazikwa. Mjomba wa Tadala alimpigia simu Alhamisi. Alikuwa amengoja makusudi, ili mtoto asichanganyikiwe akiwa peke yake ugenini.

Saa chache baadaye Tadala alikwenda ofisini kuomba ruhusa. Selpha alimpa fomu ya msiba. Ilitaka uhusiano na marehemu, tarehe ya mazishi, mahali pa mazishi, na nakala ya kibali cha mazishi au barua ya chifu.

"Mazishi ni lini?" Selpha alimwuliza, kalamu mkononi.

"Jana."

"Jana? Kwani alifariki lini?"

"Jumatatu."

Selpha alinisimulia haya mwenyewe, siku nyingi baadaye, na hakujitetea. Alisema alifikiri msichana amekosea siku. Kisha akafikiri, ikiwa mazishi yamepita, ruhusa ni ya kwenda kufanya nini? Fomu haikuwa na mahali pa kuandika jambo lililokwisha. Alimwambia pole sana, dada, jaribu kuongea na mhadhiri wako. Tadala alisema asante, akatoka.

Jioni ile akaniandikia mimi. Nilikuwa Membley, mtoto mmoja analia kwa sababu ya hesabu za sehemu. Simu ikatetemeka mezani, naye akiniita Kui, kifupi cha Wanjiku, kama kawaida. *Kui, amayi wangu amekufa.*

Niliandika: *Woiye!! Pole sana. Mazishi ni lini?*

*Jana.*

Niliangalia neno lile. Watu wa kwetu humlaza marehemu mochari wiki nzima, hata siku kumi. Kila jioni tunakutana nyumbani kwao, tunachagua kamati, mwenyekiti, mweka hazina, tunafungua kundi la WhatsApp, tunatafuta picha nzuri ya kuweka kwenye kijitabu cha wasifu, tunagawana nani ataleta hema na nani sufuria. Hatujui kumfariji mtu ila kwa kumsaidia kuzika. Sasa hapa kulikuwa na msiba ambao umeshakwisha kabla sijausikia, hauna kamati, hauna mchango, hauna tarehe. Sikuona pa kuushika.

*Aki pole*, niliandika, nikaweka vile vikaragosi vinavyolia, vitatu. Kisha nikamgeukia mtoto na hesabu zake.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na ofisi ilikuwa imetukumbusha kwamba fomu za mwezi wa tatu zinatakiwa mapema kwa sababu ya maandalizi ya mitihani. Niliijaza nikiwa kitandani. Analala, anakula, ana marafiki. Hana tatizo.

Sijui nilikuwa nafikiri nini. Nimeulizwa, na mimi nimejiuliza, na jibu la kweli ni kwamba sikuwa nafikiri. Mkono ulikuwa umeshazoea njia.

*

Bwana Khisa alitoka ofisini kwake aliposikia kelele zimepungua. Ukumbi mzima ulikuwa umenyamaza baada ya neno la Tadala. Alimtazama pale sakafuni, akanitazama mimi, akaomba faili. Selpha alimpa, akimnong'oneza siku ambayo Tadala alikuja kuomba ruhusa. Aliifungua akiwa amesimama, akapindua karatasi moja, ya pili, akafika fomu yangu. Hakuisoma kwa sauti. Alinigeuzia tu, akaweka kidole juu ya tarehe, na kukiacha pale hadi nilipoinamisha kichwa.

Kisha akamwuliza Tadala, kwa upole, "Kwenu, mtu akifiwa, anakaa wapi?"

"Chini. Wanawake wanakaa chini, ndani ya nyumba ya maliro, nyumba ya msiba. Watu wanakuja. Hata kama hawasemi kitu, wanakuja wanakaa." Alivuta pumzi. "Mimi nimekaa kwa chumba changu wiki tatu. Hakuna mtu amekuja. Nikaona labda si nyumba. Nikaona hapa watu wanaingia, wanatoka. Nikakaa hapa."

Ndipo Selpha, ambaye hadi wakati ule alikuwa amesimama ameshika ukingo wa dawati lake, alivua viatu. Alivipanga kando, vikitazama ukuta. Akajishusha chini kwa shida, mkono mmoja kwenye kiti, akihema, sketi ikimbana, mpaka akafika sakafuni na kunyoosha miguu yake minene kando ya ile miembamba.

"Dada," akasema, "mimi ndiye nilikuuliza tarehe."

"Ndiyo, mama."

"Sikukuuliza jina. Mama yako anaitwa nani?"

Tadala alifungua mdomo na jina halikutoka. Alijaribu tena. "Enelesi," akasema. "Anaitwa Enelesi."

Na hapo akalia. Sijawahi kusikia kilio cha namna ile ndani ya jengo lenye dari. Hakikuwa kwikwi za kujificha, kilikuwa kilio kirefu chenye maneno ndani yake, kinachoita, kinachomwuliza mtu mbona ameondoka bila kuaga, na ingawa kilikuwa kwa Kichewa hakuna aliyehitaji kufasiriwa. Milango ya ofisi nyingine ilifunguka. Msichana mmoja aliyekuja kutafuta kitambulisho akaketi chini pia. Askari akavaa kofia yake, akaivua tena. Bwana Khisa alichuchumaa, kisha akaketi, suruali yake ya kazi kwenye vumbi.

Mimi nilibaki wima. Nilikuwa nimeshika faili ambayo Bwana Khisa alikuwa amenipa bila kuangalia, na nilijiambia kwamba sina pa kuiweka. Viti vitatu vilikuwa vitupu. Nilisimama na faili ile kifuani mpaka miguu ikafa ganzi.

*

Daktari wa zahanati ya chuo alisema hana ugonjwa ila hajala. Bwana Khisa alichukua simu na hakuiweka chini siku ile nzima. Kufikia jioni ilikuwa imeamuliwa: ataahirisha masomo, wafadhili watatoa tikiti ya kwenda kwao, na nafasi yake itangoja kwa mwaka mmoja. Tikiti ingechukua wiki. Aliuliza ni nani anayeweza kukaa naye wiki hiyo, asirudi kwenye kile chumba. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Kwetu."

Tulikwenda Kiganjo mimi na Selpha kuchukua nguo zake. Nilitarajia kukuta chumba kimechafuka, na ingekuwa afadhali. Kilikuwa kimefagiliwa. Sufuria zilikuwa zimeoshwa na kufunikwa, unga wa nsima haujafunguliwa, vitabu vimepangwa kwa ukubwa. Mwenye nyumba alitoka na kikombe chake cha uji kutusaidia kufungua.

"Yule wa Malawi?" akasema. "Mtu mzuri sana huyo. Hana kelele. Wiki tatu hizi hata redio sijasikia. Hana tatizo na mtu."

Selpha aliniangalia mara moja, akaendelea kukunja nguo.

Kabla sijaondoka chuoni siku ile, Bwana Khisa aliniita ndani. Nilidhani atanifukuza kwenye mpango, na nilitaka anifukuze. Alifuta miwani kwa ncha ya tai. "Nina wanafunzi elfu saba na macho mawili," akasema mwishowe. "Kila fomu inayosema hana tatizo, mimi hugeukia upande mwingine. Ndivyo ulivyofanya, Wanjiku. Ulinigeuza." Mwisho wa mwaka cheti kilikuja pamoja na vya wenzangu, jina langu limeandikwa kwa wino wa dhahabu, na sikukirudisha.

Tadala alikwenda na hakurudi. Nyumbani alikuta wadogo zake wawili wanalala kwa mjomba, wanakula kwa shangazi, na mwaka wa kungoja ukapita kabla hajaweza kuwapa watoto wale kisogo. Bwana Khisa aliandika barua tatu kwa wafadhili. Nafasi ikapewa mwingine. Nasikia sasa anauza viazi mahali pale pale mama yake alipouza, kando ya barabara kuu, na kwamba mdogo wake wa kike ameingia sekondari. Tuliandikiana mwaka wa kwanza, kisha kwenye sikukuu tu, kisha nikanunua simu nyingine.

*

Lakini wiki ile alikuwa kwetu, Mugutha.

Mama yangu alimsikiliza mara moja tu, akiwa amesimama jikoni na mwiko mkononi, akasema, "Ngai! Na hamjafanya maombi?" Nikamweleza kwamba mwili hauko huku, na mazishi yameshapita. "Mwili hauko," mama akasema, "lakini kairitu, kasichana haka, kako hapa, si ndiyo? Basi msiba uko hapa." Kesho yake alasiri walikuja akina mama wa kanisa, kumi na wawili, na sukari, maziwa na unga kwenye vikapu, kama wanavyokwenda kwa yeyote aliyefiwa. Waliimba kwa Kikuyu. Tadala hakujua neno hata moja, lakini aliwatazama midomo, mmoja baada ya mwingine, na walipomwomba aseme kuhusu mama yake, alisema kwa nusu saa. Kwamba alikuwa mrefu. Kwamba aliogopa vyura. Kwamba alikuwa akimtengea kila mteja kiazi kimoja cha ziada na kukiweka juu kabisa, ili mtu akione. Mimi nilikuwa nikipitisha chai. Kila kikombe kilipoisha nilikuwa pale na birika, na hakuna aliyeniambia niketi.

Jioni ya mwisho tulikuwa nyuma ya nyumba, tumekalia vibao, tunamenya waru, viazi vya kuponda mukimo. Pale kwetu palikuwa kahawa tupu nikiwa mdogo. Sasa ni nyumba na kuta, na nyuma yetu imebaki miti minne ambayo mama amekataa kuing'oa. Tadala alikuwa akimenya upesi kuliko mimi, ganda moja refu lisilokatika. Alikuwa ameanza kula. Uso ulikuwa unarudi.

Nilijua nisiposema wakati ule sitasema.

"Kuna fomu nilikuwa najaza kila mwezi," nikasema. "Juu yako. Ya mwezi wa tatu niliijaza baada ya wewe kuniandikia. Niliandika huna tatizo. Zile nyingine pia, niliandika bila kukuona."

Hakuacha kumenya. Alimaliza kiazi kile, akakitia majini, akachukua kingine.

"Amayi alikuwa anapiga simu Jumapili," akasema. "Kila Jumapili anauliza, una rafiki? Nikasema ninaye. Anaitwa Kui."

Nilisogeza sufuria ya maji katikati yetu.

"Nilimwambia unakuja kwangu Jumamosi, tunapika. Nilimwambia umenifundisha hii, mukimo. Na Krismasi nilimwambia nimekuja hapa kwenu. Mama yako amenichinjia kuku. Nyumba yenu iko na paa la kijani." Aliinua macho kulitazama paa letu, bati la zamani lililoiva kutu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu uso wake uliingia haya. "Ilikuwa Kiganjo, mvua inanyesha, watu wote wameenda kwao. Nilifunga mlango, nikamwelezea kuku vile ilikuwa tamu."

Siku hiyo ya Krismasi tulikuwa watu kumi na sita mezani. Kulikuwa na kuku wawili. Nakumbuka nyama ilibaki, tukaila kesho yake.

"Kwa hiyo mimi pia niliandika fomu," akasema. "Tumeandika wote wawili."

Ndani ya nyumba mama alikuwa akiimba peke yake, na sufuria ilikuwa inagonga jiko. Nilitaka kusema nisamehe, nikaacha, kwa sababu yeye hakuwa amenishtaki. Alikuwa ananisimulia tu kuhusu mama yake.

"Alikuwa anakuombea," akasema. "Kanisani kwetu mtu anasimama, anataja majina. Alikuwa anasema watoto wake watatu, halafu anasema na Kuwi wa Kenya. Hakuweza kusema Kui. Mjomba ameniambia hata Jumapili ya mwisho, kabla ya ile Jumatatu, alikutaja."

"Alikuwa ananiombea nini?"

Tadala aliwaza kidogo, kisu kimesimama juu ya kiazi, kama mtu anayetaka kusema neno kwa usahihi wake.

"Ufaulu mtihani wako," akasema. "Na usichoke na mimi."

Mama akatuita tulete waru. Tukanyanyua sufuria, yeye sikio moja na mimi la pili, tukaingia nayo ndani.

Asubuhi yake akaondoka. Mitihani ilianza wiki iliyofuata, na matokeo yakatoka mwezi wa sita. Nilikuwa nimefaulu masomo yote.